Daktari Aliyependa Kupanda Miti

Twapenda leo kuwasimulia habari za daktari mmoja wa mashamba, Jared Kirtland, aliyeishi katika nchi ya Marekani. Alizaliwa mwaka 1793 katika jimbo la Connecticut, akalelewa na babu yake, naye babu alikuwa daktari. Mzee huyo alikuwa na shamba la miforsadi, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Mjukuu akazoea mapema kuitunza miti na kuchungulia wadudu wake.

Alisoma utabibu huko Yale, akafuzu mwaka 1815. Lakini mwaka 1823 alifiwa na mkewe na binti yake. Basi akaihama nchi ile ya majonzi, akaenda magharibi hata mji mdogo wa Poland, katika jimbo la Ohio. Nia yake ilikuwa kulima na kufanya biashara, auache utabibu kabisa. Wagonjwa hawakumwacha. Madaktari walikuwa haba, na mtu ajuaye dawa hawezi kukaa shambani akimsikia jirani anaugua. Hivyo akarudia kazi yake.

Mwaka 1837 alipata shamba huko Rockport, karibu na Cleveland, ufukoni mwa ziwa Erie. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi mgumu, usiotazamiwa kuzaa sana. Humo akapanda micheri. Cheri ni tunda dogo la mviringo, lenye kokwa moja ndani. Huweza kuwa nyeusi, nyekundu au manjano.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo ilipo kazi yenyewe. Mbegu ya mcheri haifuati sana tabia ya mama yake, kama tuonavyo sisi tukipanda kokwa ya embe tamu na kupata embe chachu yenye nyuzi. Daktari alichagua aina njema, akapanda kokwa zake, kisha akangoja miaka, mpaka kila mche uzae na kuonjwa. Mwingi haukufaa. Ule uliofaa alikata vijiti vyake na kuvipandikiza juu ya mashina mengine, kwa kuwa hiyo ni njia ya kuuzidisha bila kuupoteza utamu wake. Hivyo akapata aina mpya zaidi ya 20. Baadhi yake alizipa majina ya wakuu wa wenyeji wa Marekani, kama Tecumseh, Pontiac na Osceola. Nyingine, ya manjano yenye wekundu, ikaitwa Governor Wood, kwa heshima ya gavana wa Ohio. Sisi twaliona jambo hili kuwa la uungwana, kwa kuwa hakujaza shamba jina lake mwenyewe.

Jina lake lilipewa ndege. Mwaka 1851 mkwewe alimpata shambani pale ndege mdogo, mgongo kijivu na kifua manjano, asiyejulikana bado na wataalamu; mwaka uliofuata akaitwa kwa jina la Kirtland. Daktari alifariki mwaka 1877, mwenye umri wa miaka 84.

Ndege yule hutaga chini ya misonobari michanga tu, hasa katika Michigan. Msitu ukizeeka, huuhama. Mwaka 1974, na tena mwaka 1987, madume waimbao waliohesabiwa walikuwa 167 tu. Watu wakaanza kukata misitu mizee na kupanda misonobari mipya kwa ajili yake, na mwaka 2019 akaondolewa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Misonobari hiyo hupandwa tena na tena, kwa maana kila mmoja humfaa miaka michache tu.