Njia ya Mwanafunzi wa Mtwara Kuelekea Uhandisi wa Elektroniki: Insha ya Kihistoria, 1947–2015

1.0 Utangulizi

Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, mji wa Mtwara ulikumbwa na ghasia. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zilichomwa moto, na wanajeshi walipelekwa kurejesha utulivu. Kiini cha mgogoro kilikuwa bomba la kusafirisha gesi asilia kutoka kusini hadi Dar es Salaam. Wengi walioandika kuhusu tukio hilo wamejadili siasa za rasilimali: nani anamiliki gesi, na mapato yake yagawanywe vipi. Insha hii inauliza swali jembamba zaidi. Ni nani aliyekuwa na ujuzi wa kuendesha mitambo iliyokuwa ikijengwa, na kijana wa Mtwara alitakiwa kupita njia gani ili awe mmoja wa watu hao?

Swali hili lina uzito kwa sababu bomba la gesi haliendeshwi kwa nguvu za mikono. Gesi ya Ghuba ya Mnazi husafishwa katika kiwanda cha Madimba, kisha husukumwa mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam. Njiani, vihisi hupima msukumo, joto na kiasi cha gesi. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa ishara za umeme, husafirishwa hadi chumba cha uongozaji, na kutoka huko amri hurudi kufungua au kufunga vali. Kazi hiyo ni ya elektroniki na mawasiliano. Kwa hiyo, madai ya ajira yaliyosikika Mtwara yalikuwa pia madai ya elimu, hata pale ambapo hayakutamkwa hivyo.

Hoja ya insha hii ni kwamba kilichomtenga kijana wa Mtwara na uhandisi wa elektroniki hakikuwa kilomita peke yake. Taaluma ya ufundi nchini Tanzania imepangwa kwa ngazi yenye vipandio vitatu: fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Kwa muda mrefu wa historia yake, Mtwara ilikuwa na kipandio cha chini tu. Vipandio vilivyosalia vilikuwa mbali, na gharama ya kuvifikia ilibadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine.

2.0 Bandari na Reli Bila Shule ya Ufundi, 1947–1961

Mitambo mikubwa ilifika kusini kabla ya shule za kuwafundisha wenyeji namna ya kuitumia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuiunganisha na bara. Mpango wenyewe ulishindwa na kuachwa mwaka 1951. Bandari ilibaki, lakini reli ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yake yakang'olewa.

Wanahistoria huutaja mpango huo kama mfano wa kiburi cha wapangaji waliopuuza udongo na mvua. Kwa mada yetu, kuna funzo jingine. Trekta, vichwa vya treni na vyombo vya simu vililetwa pamoja na wataalamu wake, na mradi ulipokufa wataalamu waliondoka. Hakikubaki chuo. Shule mbili za ufundi zilizojulikana zaidi katika Tanganyika ya miaka ya 1950 zilikuwa Ifunda, karibu na Iringa, na Moshi. Jimbo la Kusini halikuwa na inayolingana nazo.

Elimu iliyokuwapo kusini ilitolewa kwa sehemu kubwa na wamisheni: Waanglikana wa Masasi na Wabenediktini wa Ndanda. Shule zao zilitoa wasomi hodari. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, alipitia elimu ya aina hiyo hadi Makerere, akahitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Mtu mmoja si ushahidi wa mkoa mzima. Hata hivyo, mfano wake unaonyesha mlango uliokuwa wazi zaidi kwa kijana mwenye kipaji: mlango wa lugha, ualimu, ukasisi na utawala. Mlango wa maabara ulikuwa mwembamba. Aliyetaka uhandisi alielekezwa Nairobi, ambako Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilianza kufundisha mwaka 1956. Aliyetaka ufundi sanifu alitazama Dar es Salaam, kwenye taasisi ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1957.

3.0 Kitivo cha Uhandisi na Miaka ya Kujitegemea, 1961–1990

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, vyuo vyake vitatu viligawana taaluma za gharama. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, na uhandisi Nairobi. Mgawanyo huo ulikuwa na busara ya kiuchumi, lakini uliiacha Tanzania bila mahali pake pa kuwafundishia wahandisi. Chuo kilipovunjwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusimama peke yake mwaka 1970, pengo hilo likawa wazi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Uhandisi wa umeme ulikuwa miongoni mwa fani zake za mwanzo, na elektroniki ilikaa ndani yake, ikiwa bado haijatambuliwa kama taaluma ya kujitegemea.

Wakati huohuo, sera za nchi ziliufanya ujuzi wa elektroniki uwe mgumu kuonekana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Lengo lilikuwa kulinda fedha za kigeni, na baada ya kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 hofu hiyo ilikuwa na msingi. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa ya ajabu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kujifunza nadharia ya transista na ya mawimbi darasani, kisha akarudi likizo katika mkoa ambamo chombo cha elektroniki kilichofahamika zaidi kilikuwa redio ya betri. Redio zenyewe ziliunganishwa nchini, na kampuni ya Matsushita jijini Dar es Salaam na Philips mjini Arusha. Kwa vijana wengi, kuifungua redio iliyokufa na kutafuta waya uliokatika ndiko kulikuwa somo la kwanza la saketi.

Mtwara ya kipindi hiki ilikuwa pia mkoa wa mpakani wakati wa vita. FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea na hospitali mjini Mtwara, na Mto Ruvuma ulikuwa mstari wa mbele wa mapambano dhidi ya Wareno hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Kusini ilibeba mzigo huo kwa niaba ya taifa, na mkoa ulio karibu na mizinga si mahali panapochaguliwa kwa uwekezaji wa viwanda.

Hata hivyo, kipandio cha kwanza cha ngazi kilijengwa. Shule ya Sekondari ya Ufundi Mtwara iliingia katika orodha fupi ya sekondari za ufundi za serikali, pamoja na Tanga, Moshi, Ifunda, Musoma na nyinginezo. Mji ulipata pia chuo cha ualimu wa ufundi. Kutoka hapo, mwanafunzi aliyefaulu fizikia na hisabati aliweza kwenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kusomea cheti cha fundi sanifu, au kuendelea na kidato cha tano mkoa mwingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliongeza hatua nyingine: mwombaji wa chuo kikuu alitakiwa kwanza afanye kazi na apate pendekezo la mahali pake pa kazi na la chama. Sharti hilo, ambalo baadaye lililegezwa, lilikuwa na athari mbili kwa kijana wa ufundi. Lilimchelewesha, lakini pia lilimfikisha chuoni akiwa ameshashika nyaya kwa mikono yake.

4.0 Lugha na Nauli

Vikwazo viwili havionekani katika takwimu za udahili, navyo vinastahili kutajwa pamoja. Cha kwanza ni lugha. Mtoto wa Mikindani au Msimbati alifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili: umeme, sumaku, nguvu, mwendo. Alipoingia sekondari, mambo yaleyale yalimjia tena kwa Kiingereza, kama vile hakuwahi kuyajua. Juhudi za kukiandaa Kiswahili kwa sayansi zilikuwapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Lakini kamusi bila sera ya kufundishia ni ghala lisilo na mlango. Istilahi zilikuwapo, na mihadhara ya uhandisi iliendelea kwa Kiingereza. Mzigo huu uliwakumba wanafunzi wa mikoa yote, ila ulikuwa mzito zaidi mahali ambapo vitabu vilifika kwa uchache na kwa kuchelewa.

Kikwazo cha pili ni nauli. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iligharamia masomo ya chuo kikuu, pamoja na safari ya mwanafunzi kwenda na kurudi. Sera ya uchangiaji gharama ilipoanza mwaka 1992, usafiri ulikuwa miongoni mwa gharama za kwanza kurudishwa kwa familia. Kwa maandishi, sera hiyo iliwatendea wote sawa. Kwa mzazi wa Morogoro, ilikuwa nauli ya saa chache. Kwa mzazi wa Mtwara, ilikuwa nauli ya barabara ambayo wakati wa masika ilikatika kwenye bonde la Rufiji kwa muda mrefu, au ya meli isiyo na uhakika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kwa miaka kumi na mmoja kati ya tarehe hizo mbili, umbali ulioumbwa na mto ulilipiwa na mkulima wa korosho.

5.0 Elektroniki Yapata Jina, Gesi Yapata Bomba, 1994–2015

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, mambo yaligeuka haraka. Simu za mkononi na televisheni za Bara zilianza mwaka 1994. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, na baadaye kikatoa shahada zake. Katika mwaka huohuo wa 1997, sheria mpya iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, na chuo cha Mbeya kikapanda hadi kuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 2012. Elektroniki na mawasiliano sasa vilikuwa na shahada zenye jina lake.

Ramani ya ukuaji huo yafaa kutazamwa kwa makini: Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Arusha. Mtwara nayo ilipata elimu ya juu. Chuo cha Stella Maris kilianza mwaka 2009, na Taasisi ya Uhasibu ikafungua kampasi. Vyuo hivyo vilifundisha ualimu, biashara na hesabu za fedha, taaluma zisizohitaji maabara ya gharama. Kwa upande wa ufundi, VETA iliendelea kutoa mafundi mchundo. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikuwa imegunduliwa mwaka 1982, na kufikia mwaka 2007 ilikuwa ikizalisha umeme wa mji wa Mtwara. Ilipoamuliwa kuisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam, ilikuwa imepita miaka thelathini tangu ugunduzi. Muda huo ulitosha kuwalea wahandisi vizazi kadhaa.

Yaweza kujibiwa kwamba nchi maskini haiwezi kujenga kitivo cha uhandisi kila mkoa, na kwamba maabara moja iliyokamilika ni bora kuliko tano tupu. Jibu hilo ni sahihi. Mgawanyo wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya mantiki hiyohiyo. Lakini mantiki hiyo ina sharti lake: anayekusanya elimu mahali pamoja hana budi kuwalipia walio mbali gharama ya kuifuata. Serikali ya miaka ya 1970 na 1980, pamoja na umaskini wake, ililitimiza sharti hilo. Mwaka 1992 mkusanyiko uliachwa kama ulivyo, na malipo yakaondolewa.

6.0 Hitimisho

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Tangu hapo, uhitaji wa elektroniki pwani ya Ruvuma umezidi kuwa dhahiri, wala si kwa gesi peke yake. Kimbunga Kenneth kilipopiga kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, wakazi wa Mtwara walitegemea utabiri na matangazo ya simu na redio kuamua kama wahame, na baadaye rada ya hali ya hewa ilifungwa mkoani humo. Mvuvi anayetoka Msimbati alfajiri anaitegemea kazi ya mhandisi asiyemwona.

Insha hii imeonyesha kwamba nafasi ya Mtwara katika historia ya uhandisi haikuamuliwa na uvivu wa watu wake, kama mzaha wa zamani unavyodai, wala na jiografia tupu. Iliamuliwa na maamuzi yanayoweza kutajwa kwa miaka: mitambo iliyokuja bila shule mwaka 1947, mgawanyo wa taaluma mwaka 1963, vita vya mpakani, na nauli iliyohamishiwa kwa wazazi mwaka 1992. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa katika mkoa jirani wa Lindi imekusudiwa kilimo, na hilo ni jambo jema kwa mikoa ya korosho. Kipandio cha fundi sanifu wa elektroniki, hata hivyo, bado kinasubiri mjenzi. Yaliyofanywa kwa uamuzi hurekebishwa kwa uamuzi, na mahali pa kuanzia ni Sekondari ya Ufundi Mtwara, ambayo imesimama pale kwa miongo kadhaa ikiwaandaa vijana kwa ngazi ambayo vipandio vyake vya juu viko ng'ambo ya Rufiji.