Midundo Iliyofungiwa Ndani ya Windows XP

Nyimbo za Bongo Fleva za miaka ya 2000 bado zinapigwa redioni na kwenye daladala zinazopita Kiseke hapa Mwanza, na mtu anaweza kudhani ziko salama. Iliyo salama ni nakala ya mwisho tu. Kazi yenyewe, yaani ngoma ilipangwaje, besi ilitoka wapi, kinanda kipi kilipunguzwa, imo ndani ya faili la projekti, na kila mwaka faili hilo linazidi kuwa gumu kufunguka.

Asili ya faili hilo ni mbali na huku Ziwani. Desemba 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, programu ndogo ya kupangia ngoma iliyoandikwa na Didier Dambrin. Kabla ya hapo muziki wa kompyuta kwa kiasi kikubwa ulikuwa wa wenye vyombo. Atari ST ya 1985 ilikuja na matundu ya MIDI ya kuunganishia vinanda, na Cubase ikaanzia humo mwaka 1989, lakini bila kinanda cha pembeni hukupata kitu. FruityLoops ilitoa sauti ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa kijana mwenye kompyuta ya mtumba na spika mbili, hapo ndipo mlango wa studio ulipofunguka. Mwaka 2003 ikaitwa FL Studio, ingawa jina la zamani halijatoka midomoni mwa watu.

Afrika Mashariki iliipokea kompyuta kwa namna yake. Kule Gulu, Uganda, mtayarishaji Leo Palayeng aliitumia kuugeuza muziki wa harusi wa Waacholi, na kazi zake na Otim Alpha zikakusanywa mwaka 2017 kwenye Gulu City Anthems. Mwaka huohuo Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, singeli ya Dar es Salaam yenye midundo inayopita 200 kwa dakika, muziki ambao vigodoro vya uswahilini vilikuwa vimeshauzoea. Mwanza nayo ilikuwa na studio zake, Tetemesha Records ikiwemo.

Ugumu uko hapa. Faili la FL Studio ni dogo kwa sababu kwa kawaida halibebi sauti, linaandika tu zilikowekwa. Ukilihamisha bila folda ya sauti, wimbo unafunguka ukiwa bubu. Halafu kuna plagini, yaani programu za sauti zinazochomekwa ndani ya FL Studio. Hypersonic ya Steinberg, iliyopendwa sana enzi zile, ilishaachwa na walioiunda, nayo ni ya biti 32. Windows XP iliacha kupata matengenezo tarehe 8 Aprili 2014, na Apple ikaziondoa programu za biti 32 kwenye macOS mwaka 2019. FL Studio ya leo husoma mafaili mengi ya zamani, lakini plagini isiyokubali kusakinishwa huacha pengo.

Dawa ipo, tena programu za kuigizia kompyuta za zamani ni za bure. VirtualBox hutengeneza kompyuta pepe ndani ya kompyuta uliyonayo. Unaiwekea Windows XP, FL Studio ya wakati ule na plagini zake, kisha unafungua wimbo. Programu za DOS zina DOSBox, inayoigiza hata kadi ya sauti ya Sound Blaster, na za Atari zina Hatari. Kasoro yake ni kwamba ukibonyeza kinanda sauti hukawia, kwa hiyo si mahali pa kupigia muziki mpya. Kwa kuokoa wa zamani haina neno: kitoe kila chombo peke yake kwenye faili la WAV, na faili hilo litafunguka popote.

Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam tunaziita hazina ya taifa, na ni haki yake. Projekti hizi zinastahili heshima ileile, na pengine haraka zaidi, maana diski kuu inaweza kufa kwa siku moja.

Kama uliwahi kuendesha studio Mwanza miaka ile, usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu kompyuta hiyo. Chomoa diski, nakili folda zote pamoja na za sauti, na uandike majina ya walioimba na waliopiga ungali unayakumbuka.