Kaunti ya Mombasa: Inaegemea Wapi, na Kwa Nini Wengi Hawapigi Kura

Ukitaja Mombasa kwenye siasa za Kenya, jibu la haraka ni kwamba hiyo ni ngome ya ODM. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaficha jambo kubwa zaidi. Katika uchaguzi mkuu wa 2022, kaunti hii ndiyo iliyokuwa na idadi ndogo kabisa ya waliojitokeza kupiga kura nchini: kama asilimia 44, wakati kitaifa ilikuwa karibu asilimia 65.

Wapiga kura wako wapi

Mombasa ina maeneobunge sita na wadi 30. Mvita ndiyo kisiwa. Mengine matano yako ng'ambo: Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Likoni kusini ya kivuko, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi. Kwa hivyo anayesema "Mombasa" akifikiria Mji wa Kale na Makadara peke yake amewaacha wapiga kura wengi nje. Kisauni ndilo eneobunge lenye waliosajiliwa wengi zaidi, na mitaa hii ya ng'ambo ndiyo inayoamua nani anaingia afisi ya gavana.

Daftari limekua kwa kasi. Mwaka 2013 lilikuwa na wapiga kura 412,702, mwaka 2017 wakafika 580,223, na 2022 wakawa 641,913. Lakini kadiri daftari lilivyonenepa, foleni zilipungua. Mwaka 2013 walijitokeza takriban theluthi mbili. Mwaka 2017 walikuwa karibu asilimia 60. Mwaka 2022 haikufika hata nusu.

Mwelekeo wa kura

Tangu ugatuzi uanze, ODM imeshinda ugavana mara tatu: Hassan Joho mwaka 2013 na 2017, na Abdulswamad Nassir mwaka 2022. Mwaka huo wa 2022 chama hicho pia kilipata useneta, uwakilishi wa wanawake na maeneobunge matano kati ya sita. Nyali ndiyo iliyokwenda kando: Mohamed Ali alishinda akiwa mgombea huru 2017, kisha akarudi bungeni kwa tiketi ya UDA 2022.

Hata hivyo ngome imepungua kimo. Raila Odinga alipata karibu asilimia 70 ya kura za urais Mombasa mwaka 2017, na kama asilimia 58 mwaka 2022. Kenya Kwanza ilipiga kampeni kwa suala linalowagusa wakazi wa Changamwe, Jomvu na Mikindani, ambako malori, maghala na klia ndio mkate wa kila siku: amri ya mizigo kubebwa na SGR hadi Nairobi na Naivasha.

Gavana wa kura moja kati ya tano

Uchaguzi wa gavana wa 2022 haukufanyika Agosti 9 kama ule mwingine. Karatasi za kura zilikuwa na makosa, na IEBC ikaahirisha hadi Agosti 29. Nassir alipata kura 119,083, Hassan Omar wa UDA akapata 98,108.

Zipime hesabu hizo dhidi ya daftari. Mshindi alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya watano waliosajiliwa. Hata ukijumlisha kura za wawili hao, unapata 217,191, yaani kama thuluthi moja tu ya daftari. Tofauti yao ilikuwa kura 20,975, wakati waliokosa kupiga kura ya urais wiki tatu kabla walikuwa zaidi ya 350,000.

Ushindi huo ni halali. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa gavana, kifungu cha 180 kinataka kura nyingi kuliko wapinzani tu. Hakuna kiwango cha chini cha waliojitokeza. Asiyekwenda kituoni hapunguzi uzito wa matokeo, anawaongezea uzito waliokwenda.

Kwa nini watu hawaendi

Sababu ni nyingi. Wapo waliosajiliwa Mombasa kisha wakahama, na majina yao yakabaki. Wapo wanaoamini kwamba mshindi hupatikana kwenye mchujo wa chama, si siku ya kura. Wapo wanaosema wamepiga kura miaka na miaka na hati ya shamba hawajaiona.

Hofu pia ina historia. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwahamisha watu wengi waliotoka bara. Kabla ya uchaguzi wa 2013, MRC, lenye kauli ya "Pwani si Kenya", liliwataka Wapwani wasusie kura, na usiku wa kuamkia Machi 4 maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Oktoba 2017, Raila alipojiondoa kwenye marudio ya uchaguzi wa urais, wengi hapa walibaki majumbani. Kususia kumekuwa mazoea, na mazoea hayaishi kwa siku moja.

Kabla ya 2027

Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Mwenye kitambulisho cha kitaifa au pasipoti halali anaweza kusajiliwa kwenye afisi ya IEBC ya eneobunge lake, na aliyehama kutoka, tuseme, Mvita kwenda Kisauni anaweza kuhamisha kituo chake. Usajili hufungwa kabla ya siku ya kura, kwa hivyo anayengoja hadi wiki ya mwisho atakuta mlango umefungwa.

Wanasiasa wanazisoma hesabu hizi vizuri kutushinda. Mtaa unaopiga kura hurudiwa na kuombwa, na mtaa usiopiga husikia honi za msafara tu ukipita barabara kuu.