Faili Linalogoma Kufutika: Enzi ya Flashi Mpakani Tunduma

Watu wa Dar wakisikia Tunduma hufikiria foleni ya malori. Ipo, sibishi. Ila sisi wenye steshenari karibu na mpaka tulikula kwa foleni nyingine, ya flashi. Wakala wa forodha anaingia mbio na karatasi za mzigo wa Lubumbashi ndani ya flashi, dereva anapiga honi nje. Unachomeka ili uchape, na kabla hujafungua chochote kirusi kimeshahamia kwako.

Kazi ya kuondoa virusi hatukurithi kwa mtu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yaliondolewa miaka ya tisini. Mafundi wengi wa huku tulianzia moja kwa moja kwenye Windows XP, iliyotoka 2001, kwenye mashine za mtumba. Amri za dirisha jeusi, zile za zamani za DOS, hatukuzijua. Tulikuja kufundishwa na virusi.

Kulikuwa na New Folder.exe, iliyojivika picha ya folda ili mtu aibofye mwenyewe. Kulikuwa na Brontok, iliyozuka Indonesia mwaka 2005, na nyingine yenye jina la kashfa ya chuo kimoja cha Ufilipino. Vilifikaje mpaka mitaa yetu ya Sogea na Mpemba? Kwa faili dogo liitwalo autorun.inf: flashi ikichomekwa, Windows inalisoma na kutii.

Ukilifuta, linarudi. Ukilifuta tena, Windows inajibu kwamba linatumiwa na mtu au programu nyingine. Wateja walisema lina jini. Mama mmoja mwenye duka la vipuri alinishauri kwa dhati kabisa niombee mashine kwanza. Ukweli ni kwamba Windows hairuhusu kufuta faili ambalo programu inayoendelea kufanya kazi imelishikilia. Linux haina masharti hayo: jina linafutika papo hapo, na programu inaendelea na yaliyomo hadi imalize. Kwa hiyo kazi ya fundi ilikuwa kumsaka aliyeshikilia. Unafungua Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea, unakuta kirusi kimeifunga. Unawasha upya na kubonyeza F8, unaingia Safe Mode, ambako programu nyingi hazijaamka. Hapo ndipo linapoingia dirisha jeusi: attrib -r -s -h kulivua faili maficho yake, halafu del. Wengine walitumia Unlocker, programu ya bure ya Cedrick Collomb. Wajanja zaidi walikuwa na CD ya Ubuntu (aina ya Linux), ambayo hadi 2011 ilitumwa bure kwa posta. Mashine ikiwaka kwa CD, Windows imelala na haina la kuzuia.

Hila niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuugeuza ukaidi kuwa mlinzi. Windows haikubali faili liitwe con au lpt3, kwa sababu majina hayo yametengewa vifaa tangu enzi za DOS. Ukitumia njia ya pembeni ukatengeneza folda iitwayo autorun.inf, ndani yake ukaweka kitu chenye jina lpt3, kirusi kikija kinakuta nafasi imejaa na hakiwezi kuifuta. Nilizichanja hivyo flashi za mawakala wengi. Baadaye wakaanza kunirudia wakilalamika: fundi, humu kuna folda haifutiki!

Si kila lililogoma lilikuwa kirusi. Umeme wetu kwa miaka mingi ulitoka Zambia, na ulipokatika mashine ikiwa inaandika, diski ilibaki na mafaili yenye majina ya ajabu, hayafunguki wala hayafutiki. Hapo hakuna wa kumsaka. Unaendesha chkdsk, amri ya kukagua diski, na kungoja.

Februari 2011 Microsoft walitoa sasisho la kuizuia Windows kutii autorun ya flashi, lakini bando lilikuwa ghali na sasisho hilo halikufika haraka kwenye mashine za kwetu. Biashara ilififia polepole. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kikafunguliwa hapa Tunduma, na karatasi nyingi zikahamia kwenye mfumo. Siku hizi naletewa simu zilizojaa picha.

Bado wapo wanaoleta kompyuta yenye faili sugu, na wengi wanaapa wameshaizima na kuiwasha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuizima mara nyingi hakuizimi kabisa. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ilivyo ili iwake haraka. Kabla hujapanda bajaji kuja kwangu, chagua Restart, usichague Shut down, kisha jaribu kufuta tena. Likifutika, hunidai wala sikudai.