Upasuaji wa Fukala

Katika mwaka 1890, Vincenz Fukala, tabibu wa macho katika dola ya Austria, alichapisha habari iliyowastaajabisha wengi katika kazi yake: kwamba vijana wasioona mbali kabisa, wale ambao hawakuweza kusoma kitabu isipokuwa kwa kukisogeza karibu na pua, wangeweza kupata faraja kwa kuondolewa lenzi ya jicho iliyo safi, isiyo na mtoto wa jicho wala ila yoyote. Lenzi ya kijana ni laini, haijawa ngumu kama ya mzee, basi ilipochomwa sindano, maji ya ndani ya jicho yaliipenya, yakaivimbisha na kuiyeyusha, na masalio yakatolewa kwa tundu dogo; na jicho la namna hiyo, lililo refu kupita kiasi, likisha ondokewa na lenzi, huona mbali karibu bila ya miwani.

Upasuaji ule ukaenea Ulaya, ukaitwa kwa jina lake. Lakini furaha ilihesabiwa kwa majuma, ilhali madhara yalikuja baada ya miezi na miaka. Nyuma ya lenzi umo ute mzito ulijazao jicho, ambao kwa mzee aghalabu umekwisha jitenga polepole na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, bali kwa kijana bado umeishika. Lenzi iondokapo, ute husogea na kuyumba, ukaivuta retina ambayo katika jicho refu imetandazwa hata ikawa nyembamba mno, ikatatuka, maji yakapenya chini yake, yakaibandua. Ujana, ambao katika majeraha mengine ni heri, hapa ulikuwa ndio hatari yenyewe.

Zama zile retina ikibanduka mgonjwa alilazwa chali kwa majuma, asitikise kichwa, na aghalabu jicho lilipotea. Mwanzoni mwa karne ya 20 matabibu wengi waliuacha upasuaji huo, na naona waliuacha kwa haki, ingawa si insafu kumlaumu Fukala peke yake, kwani maana ya tundu la retina iliyotatuka haikukubaliwa hata tabibu wa macho Jules Gonin wa Lausanne, katika miaka ya 1920, alipothibitisha kwamba kuliziba kwa chuma cha moto huirudisha retina mahali pake.

Baada ya tabibu wa macho Harold Ridley kutia lenzi ya bandia jichoni huko London mwaka 1949, na vyombo kuzidi kuwa bora, kuondoa lenzi safi kukarejea. Hatari imepungua, haikwisha, na kijana mwanamume mwenye jicho refu angali mbele katika kuipata. Ndiyo maana tabibu mwangalifu hukagua kingo za retina kabla ya kupasua, na humwusia mgonjwa kwamba, hata miaka ikipita, akiona vimulimuli, au vidoa vingi vikielea kwa ghafla, au kivuli kikifunika upande mmoja wa jicho, aende hospitali siku hiyo hiyo.