Milimita Kumi na Mbili

Jumamosi moja mwaka jana, mtoto wa ndugu yangu alikuja kwangu Tudor, Mombasa, na gari lake jipya. Nasema jipya kwa kuwa lilikuwa jipya kwake. Lilikuwa Toyota 86, gari la michezo la milango miwili, lililotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Kilindini. Alikwisha kulishusha springi kwa milimita 30. Akafungua buti, akatoa boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na duara nne nzito za alumini, kila moja unene wake milimita 25.

"Baba mkubwa," akasema, "nataka magurudumu yatoke nje yalingane na madigadi. Wewe uliwahi kuwa na gari la aina hii. Nisaidie kuzifunga."

Duara hizo huitwa spesa. Hukaa baina ya habu na rimu, na kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu nje. Nilizipima mkononi nikaziona zimechongwa vizuri, vizuri kuliko zilizokuwa zangu. Kisha nikamwambia aketi barazani. Nilikuwa na deni kwake la miaka zaidi ya thelathini, na deni lenyewe lilikuwa la maneno.

Baba yake ana mkono wa kushoto usioinuka kupita bega. Watoto wake wamekua wakiambiwa kwamba ni ajali ya barabara ya Voi. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Mwaka 1991, nikiwa kijana wa miaka 26, nilinunua Datsun 240Z kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama. Gari hilo lilitolewa na Nissan mwishoni mwa mwaka 1969, na kwao Japani likaitwa Fairlady Z. Lile la kuuzwa nje lilikuwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita katika mstari mmoja, boneti ndefu, na kiti kilichomkalisha dereva karibu na gurudumu la nyuma. Kwetu halikuhitaji kutangazwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Sisi tuliokuwa watoto siku hizo tulibebwa mabegani kwenda kutazama magari yakipita, na sauti ya 240Z ilitukaa masikioni.

Kumbuka, msomaji, kwamba magari yaliyoshinda Safari yalikuwa yameinuliwa. Yalisimama juu ili yapite mawe na matope yetu. Mimi nililichukua gari lililojipatia jina katika nchi hii kwa kusimama juu, nikaamua kulishusha.

Sababu ilikuwa picha. Katika jarida moja nilikuwa nimeona Fairlady 240ZG, ambalo Nissan ilianza kuliuza Japani mwaka 1971. Lilikuwa na pua ndefu ya ziada, na juu ya kila gurudumu digadi lililopanuliwa na kupigwa ribiti. Gari lilionekana kama mtu aliyesimama miguu akiitanua, tayari kwa mieleka. Nilichokuwa sikijua ni kwamba madigadi yale hayakuwekwa kwa ajili ya picha. Kanuni za mashindano zilidai kwamba gari la mbio litokane na gari linalouzwa dukani. Nissan ilitaka kukimbiza matairi mapana, kwa hiyo ililazimika kuuza gari lenye nafasi ya matairi hayo. Wale wahandisi walipanua kwa sababu. Mimi nilipanua kwa kuiga.

Tamaa hii ya macho si ya vijana wa Mombasa peke yao. Huko Marekani, kampuni ya Pontiac ilipokuwa ikitayarisha magari ya mwaka 1959, bodi mpya ilichorwa ikiwa pana sana, na ilipowekwa juu ya chasisi ya zamani magurudumu yalionekana yamezama ndani. Chini ya mkuu wao, Bunkie Knudsen, magurudumu yakasogezwa nje, upana baina yake ukaongezeka kwa karibu inchi tano, na kampuni ikaufanya upana huo kuwa tangazo lake kwa miaka mingi. Jambo lilianza na sura, lakini halikuishia hapo: waliunda upya ekseli na viungo vyake ili vibebe upana mpya. Mimi nilikuwa na mashine ya kukereza chuma ya jirani.

Nilianza kwa kukata springi. Gari likashuka, na juu ya magurudumu kukaegemea ndani kidogo, kama inavyotokea gari linaposhushwa, hata yakaonekana membamba zaidi. Nikanunua matairi mapana zaidi. Sasa upande wa ndani tairi likawa linagusa shokomzoba. Ndipo nikaenda kwa fundi kukerezewa vipande vinne vya alumini, kila kimoja milimita 12, vyenye matundu manne ya bolti na tundu kubwa katikati.

Fundi wangu wa gereji, mzee ambaye vijana wote wa mtaa tulimwita Ami, alizitazama kwa muda mrefu. Akaweka moja, akafunga rimu, akazungusha nati kwa vidole.

"Nati imeshika kidogo, mwanangu," akasema. "Bolti hizi fupi. Nimeagiza ndefu, zitafika Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kulikuwa na harusi Nairobi, na nilitaka kufika huko na gari likiwa limetanua miguu. Nikamwambia afunge hivyo hivyo. Akakataa. Nikachukua wili spana, nikafunga mwenyewe.

Ijumaa tuliondoka baada ya sala, mimi na mdogo wangu. Tulipopita Mariakani gari lilianza kutetemeka. Nikamwambia ni baransi ya matairi. Mackinnon Road nilisimama tukanywa soda, na sikupima nati hata moja, kwani spana ilikuwa chini ya mizigo na nguo za harusi zilikuwa juu yake. Tulipoipita Maungu nilisikia mgongo wa gari ukidondoka, na kupitia dirisha la kushoto nikaliona gurudumu letu wenyewe likitupita, likiruka kichakani kama mbuzi aliyekata kamba. Tukaburuta chuma juu ya lami, tukaacha barabara, na ubavu wa kushoto ukagonga ukingo wa mtaro. Mdogo wangu alikuwa upande huo. Bega lake lilivunjika mahali pawili.

Baadaye Ami alinionyesha habu. Bolti mbili zilikuwa zimekatika, mbili zimebaki na nyuzi zilizokwanguliwa. Alinipa kipande kimoja nikakae nacho. Ninacho mpaka leo.

Nilimpa kijana kile kipande akishike, kisha tukafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwaka ule. Bolti za 240Z zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja nati husogea milimita 1.25. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike angalau urefu ulio sawa na unene wa bolti, yaani milimita 12. Gawanya, utapata karibu mizunguko kumi. Zangu, baada ya spesa kula milimita 12 za bolti, zilishika mizunguko minne. Isitoshe, lile tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko habu, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kulishikilia gurudumu katikati. Uzito wote wa kila shimo la barabara uliangukia bolti nne zilizoshikwa nusu.

Na faida? Gari linapokata kona, uzito huhamia magurudumu ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini na upana baina ya magurudumu: ukikishusha kitovu au ukiongeza upana, kinachohama hupungua. Ndiyo maana magari ya mbio huwa ya chini na mapana. Lakini upana wa nyuma wa 240Z ni milimita 1,345, na mimi nilikuwa nimeongeza 24. Hiyo haifiki hata mbili katika mia. Niliuza bega la ndugu yangu kwa kitu ambacho hakuna dereva ambaye angekihisi mikononi.

Kijana alikaa kimya. Kisha akauliza, "Baba anajua?"

"Anajua tangu siku ile. Alinikataza nisiwaambie. Alisema mtaniona mtu mbaya."

Sitaandika alichonijibu. Nitaandika tulichofanya baadaye, kwani huenda kikamfaa msomaji mwenye gari na kijana.

Kwanza tulipima. Rimu za kiwandani za gari lake zina ofseti ya milimita 48, yaani uso unaokaa kwenye habu uko milimita 48 upande wa nje kutoka katikati ya rimu. Ukiweka spesa ya 25, ofseti inabaki 23, na ukingo wa nje wa tairi unatoka kwa milimita 25 kamili. Je, zipo? Gari likiwa limesimama kitako huwezi kujua. Tulitoa springi moja ya nyuma, tukainua gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, kama linavyoinuka likigonga shimo na abiria wamejaa, tukapima nafasi iliyobaki hadi ukingo wa digadi. Zilikuwa milimita 17. Spesa zake za 25 zingekata tairi siku ya kwanza atakapobeba rafiki.

Pili, tuliangalia katikati. Habu ya gari hilo ina kipenyo cha milimita 56.1, tundu la spesa zake lilikuwa milimita 60. Spesa njema hubana habu bila kuchezacheza, na yenyewe hutoa mdomo wa kipenyo hicho hicho ili rimu nayo ikae katikati.

Tatu, nati. Muuzaji alimwuzia nati za Toyota, na Toyota nyingi hutumia mzunguko wa milimita 1.5. Lakini gari hili, japo lina nembo ya Toyota, liliundwa katika kiwanda cha Subaru, na bolti zake ni za 1.25, kama zile za Datsun yangu. Nati ya 1.5 ingeanza kuingia, ingekaza mapema, na kijana angedhani imefika kumbe inaharibu nyuzi.

Nne, magurudumu ya mbele. Hapa alibisha, naye ana haki ya kupenda sura. Nikamweleza hivi: chora mstari kupitia viungo ambavyo gurudumu hugeukia, uushushe mpaka ardhini. Umbali baina ya nukta hiyo na katikati ya alama ya tairi ndio wenzo ambao barabara inautumia kuvuta usukani wako. Wahandisi huutafakari sana. Audi walipotoa Audi 80 mwaka 1972, waliiweka nukta hiyo nje ya katikati ya tairi kwa makusudi, ili breki zikishika upande mmoja zaidi ya mwingine, gari lijirekebishe lenyewe badala ya kuvutwa. Milimita 25 za spesa zinaweza kufuta hesabu ya namna hiyo yote. Barabara zetu zina mifereji iliyochimbwa na malori. Usukani ungemvuta mikono siku nzima.

Simwambii mtu kwamba spesa ni haramu. Porsche wenyewe waliziweka nyuma ya 911 Turbo za mwanzo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na bolti za urefu unaofaa na mtu aliyepiga hesabu.

Mwishowe tulichagua hivi. Mbele tuliacha kama kiwanda kilivyoacha. Nyuma, spesa za milimita 15 zenye tundu la 56.1, na bolti ndefu za kupigwa ndani ya habu. Zile zinazokuja na bolti zake mwenyewe hatukuzitaka, kwani kwa kawaida huhitaji unene wa 20 au zaidi ili bolti za zamani zisichomoze na kugusa rimu. Tukasubiri wiki tatu bolti zifike. Kijana alikwenda harusi moja kwa matatu.

Zilipofika tulisugua kutu yote kwenye uso wa habu, kwani ganda la kutu hufanya spesa ikae upande na baadaye nati zilegee. Akazungusha kila nati kwa vidole, akihesabu kwa sauti. Kumi na moja. Tukakaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari.

Siku ya pili baba yake alikuja, na sote watatu tukaenda mpaka Kilifi na kurudi, mwendo unaozidi kilomita 100, kwa kuwa nati za spesa mpya lazima zipimwe tena baada ya mwendo kama huo. Ndugu yangu alikaa mbele, upande wa kushoto. Nyuma ya gari hilo hapafai mtu mzima. Nilikaa magoti kidevuni. Tuliporudi kijana alitoa spana kabla hata ya kufungua milango yetu, akapita gurudumu kwa gurudumu. Hakuna iliyosogea.

Ndugu yangu alimtazama mpaka nati ya mwisho, kisha akanigeukia.

"Umemwambia," akasema.

"Nimemwambia."

Akatikisa kichwa, akanyosha mkono wake wa kulia akachukua spana kwa mwanawe, akazipima tena zote yeye mwenyewe.