Mguu wa Kuku Haurithiwi

Mtoto akihama kwao Kawangware na kupata keja yake ya kwanza, wazazi hawamwachi aende mikono mitupu. Mathe atatoa sufuria mbili na blanketi. Mzae atachangia godoro ama mtungi wa gesi wa kilo sita, na mjomba atatafuta kufuli nzito kwa sababu ploti ni ngeni. Bunduki haimo kwenye orodha hiyo, hata kwa utani. Mwambie mzazi yeyote pale stage ya 46 kwamba kuna nchi ambako baba humnunulia mwanawe mtu mzima bastola yake ya kwanza. Atakuuliza huyo baba anataka kumzika mtoto lini.

Nchi hiyo ni Marekani. Fomu ya serikali ya shirikisho anayojaza mnunuzi dukani inatambua zawadi: unaweza kununua bunduki kwa pesa zako ukampa mtu mwingine, mradi sheria haimkatazi kuwa nayo. Kwetu mambo ni tofauti. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayetaka mguu wa kuku anaomba cheti mwenyewe, kwa jina lake, na anaeleza sababu ya maana. Kumpa bunduki mtu asiye na cheti ni kosa, hata kama mtu huyo ulimzaa wewe. Ukifa, mtoto harithi kibali chako. Ataanza upya kama mgeni.

Wengi wetu tunadhani sheria iko hivi kwa sababu serikali inataka mitaa salama. Ukiifuata bunduki ilivyoingia upande huu wa Nairobi, kutoka Dagoretti hadi Kibera, unakuta sababu nyingine, ya zamani zaidi.

Oktoba 1890, Frederick Lugard wa Kampuni ya IBEA alifika Dagoretti na msafara wenye silaha, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Undugu wenyewe haukudumu. Ngome ya Kampuni iliteketezwa, ikajengwa nyingine Kabete iliyoitwa Fort Smith, na 1892 Waiyaki akakamatwa, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Mwaka ule ule wa kiapo, mataifa makubwa yalikuwa yametia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulitungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na masharti ya kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika eneo kubwa la Afrika. Wanajeshi wa wakoloni hawakuguswa na masharti hayo. Kwa hivyo swali la kwanza la sheria ya bunduki huku lilikuwa nani awe nayo na nani asiwe nayo, na jibu lilijulikana mapema.

Kuna Waafrika waliopewa. Mwaka wa 1891, Lugard huyo huyo aliwachukua karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha. Hao na wenzao wakawa uti wa mgongo wa majeshi ya Waingereza huku, na 1902 yakaunganishwa kuwa King's African Rifles. Ndio mababu wa Wanubi wa Kibera. Ardhi ya Kibera ilitengewa jeshi mwanzoni mwa karne iliyopita, ikatangazwa rasmi 1918 kuwa ekari 4,197, na askari waliostaafu wakaruhusiwa kukaa humo kwa karatasi iliyoitwa shamba pass. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu.

Hapo Kibera kulikuwa na mababa waliokula kwa bunduki, na watoto wengi walifuata kazi hiyo hiyo. Ukitazama kwa mbali unaweza kusema silaha ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana. Lakini ilipitia ghala la jeshi. Mzee akistaafu alirudisha bunduki, na kijana akijiandikisha alipewa yake, na zote mbili zilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Kilichowauma ni kwamba ardhi nayo iligeuka kuwa ya kuazimwa. Mwaka wa 1928 Kibera ilitoka mikononi mwa jeshi ikaingia kwa utawala wa kiraia, na serikali ikashikilia kwamba wakaaji ni wapangaji wa hisani tu. Tume ya Ardhi ya Carter, miaka ya 1930, ilisema wasihamishwe bila kupewa ardhi kwingine na fidia. Miongo ikapita. Hati ya pamoja ya jamii ilitolewa Juni 2017, na ilikuwa ya ekari 288. Baba aliyepigana vita vya Mfalme hakumwachia mtoto bunduki wala shamba. Alimwachia ruhusa, na mwenye ruhusa alikuwa mtu mwingine.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Mau Mau walikosa bunduki, kwa hivyo wakatengeneza: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kifyatulio, mpira ukawa springi. Baadhi zilimlipukia aliyezishika. Nairobi ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako silaha na risasi zilipatikana na kusafirishwa kwenda msituni. Serikali ilijibu kwa kamba. Kuwa na silaha au hata risasi kinyume cha sheria kukawa kosa la kunyongewa. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita hivyo. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Februari 18, 1957. Wakati huo huo Home Guard walikuwa wanagawiwa bunduki na serikali hiyo hiyo. Kijiji kimoja kingeweza kuwa na kijana anayelipwa kubeba bunduki na jirani yake anayenyongwa kwa kuificha.

Sura ya 114 ilizaliwa katika joto hilo. Ilitungwa 1953, ikaanza kutumika 1954, mwaka wa Operesheni Anvil, ambapo kuanzia Aprili 24 wanajeshi waliizingira Nairobi na kuwabeba maelfu kwa maelfu hadi kizuizini. Uhuru ulipofika 1963, bendera ilibadilishwa na sheria ikabaki. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mgongo wake ni ule ule. Inamtazama raia na kuuliza: huyu ni hatari kwetu?

Kuna wazazi wa Afrika Mashariki ambao hawakuisubiri. Idi Amin alipoanguka 1979, Wakaramoja walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki zikasambaa Karamoja yote na kuvuka mpaka hadi kwa Waturkana na Wapokot. Bei ikahesabiwa kwa ng'ombe. Baba aliyetoa mifugo ili kijana wake achunge akiwa na AK-47 alikuwa ananunua kifaa cha kazi, maana polisi walikuwa mbali na wezi wa mifugo walikuwa karibu. Hesabu yake ilikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba jirani naye alipiga hesabu hiyo hiyo, na uvamizi uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Miongo minne baadaye, majeshi bado yanakwenda huko kunyang'anya silaha.

Tuirudishe Nairobi. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria 2018 kwamba bunduki zilizo mikononi mwa raia wa Kenya ni takriban 750,000. Zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Huhitaji mtaalamu akuambie hizo chache ziko upande gani wa barabara. Matatu za 46 hupita Yaya na Lavington kabla ya kuingia Kawangware, na ukiangalia dirishani unaona mahali ambapo "sababu ya maana" inaeleweka haraka: ofisi, biashara, ukuta wenye waya wa umeme.

Mzazi wa 46 hayuko mbali na serikali kama yule wa Turkana. Serikali iko, na mara nyingi inakuja na bunduki. Tume ya Waki, ikichunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, iliorodhesha vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kibera ilikuwa kati ya mitaa iliyolia. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waligeukiana hapo Kawangware 46 na maduka yakachomwa. Jaribu kuwaza usiku ule kama kila nyumba ingekuwa na mguu wa kuku chini ya godoro. Mimi sitaki kuuwaza. Wazazi wanaokataa kabisa habari ya bunduki wana akili zao timamu.

Lakini kuikataa bunduki hakumaanishi kwamba wameridhika. Juni 25, 2024, vijana walipigwa risasi nje ya Bunge, na jioni ile simu za wazazi mitaani zilikuwa na swali moja: uko wapi? Bunduki iliyowatisha ilikuwa na cheti, namba na ghala lake. Ndiyo maana sheria ya 2011 iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, inamhusu mzazi wa 46 kuliko Sura ya 114 itakavyowahi kumhusu. Ni mara chache katika historia hii ndefu ambapo sheria ilimgeukia mwenye kubeba bunduki ya serikali na kumuuliza kama yeye ndiye hatari.

Swali hilo bado linaulizwa polepole mno, kesi moja moja, huku familia zikizeeka kwenye mabenchi ya korti. Hilo ndilo deni ambalo mzazi wa Kawangware anaidai serikali kwa niaba ya mtoto wake: kila risasi ya umma ielezwe, na aliyeifyatua ajulikane kwa jina.